Kile na Yule

Mkalimani wangu hapa Guangzhou alikuwa binti wa Kitanzania, mwanafunzi wa chuo. Alilelewa kama mvulana, sasa anaishi kama mwanamke, nami nilimwita mwanangu bila shida yoyote. Halafu simu zikatuletea video ya mwanasiasa wa nyumbani akifoka kuhusu watu kama yeye: "Hao si watu, ni vitu!" Wafanyabiashara wenzangu walicheka, nami nikacheka. Asubuhi yake, kwenye maduka ya jumla ya Yide, nikawauliza kwa sauti, "Kile kimefika?"

Kumbe alikuwa nyuma yangu.

"Kimefika, mzee. Lakini kitu hakijui Kichina. Ongea mwenyewe."

Nilitaka vichongeo vya penseli. Nikamwonyesha mama mwenye duka kwa ishara: nikaingiza kidole kwenye ngumi, nikakizungusha taratibu huku nikitabasamu. Mama akapiga yowe na kunyakua ufagio. Mimi, alhaji mwenye wajukuu, nikachapwa mbele za watu.

"Mwanangu, niokoe!"

"Unamwita nani? Kile au yule?"

"Yule! Yule binti! Mtu kabisa!"

Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamweleza mama, naye akacheka zaidi. Vichongeo nikavipata. Tukiwa njiani nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe, mzee," alisema. "Ila mpaka uniite mtu, ilibidi kwanza upigwe."

Kesho yake aliniacha, akaanza kuwatafsiria wafanyabiashara wa Kongo, nami sikumlaumu.