Baba Yake Rohani Yu Salama

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikitaka kuisimulia sijui nianzie wapi. Nianze na simu, au na mama mkwe wangu aliyeipokea, au na yule msichana aliyepigiwa? Acha nianze na msichana.

Tulikuwa tunakaa mji wa Ibra, Oman, miaka ya mwisho ya tisini. Mimi bado mke kijana, nina watoto wawili wadogo, na kisomo changu ni cha skuli ya msingi tu, nacho sikukimaliza. Mama mkwe wangu, Bi Zamzam, alizaliwa Unguja mjini akaja Oman mtu mzima, na Kiswahili chake hakukubali kukichanganya na kitu. Kiarabu alikijua, lakini alikisema kama mtu anayekula ugenini, kidogo kidogo na kwa adabu.

Mume wangu alikuwa dereva wa chuo kimoja pale mjini. Jioni moja alikuja na habari kwamba yupo msichana wa Malaysia amekuja kusoma Kiarabu, hapendi makelele ya bweni, anatafuta nyumba ya watu wa heshima. Sisi tulikuwa na chumba cha uani, kitupu.

"Jina lake nani?" akauliza Bi Zamzam.

"Rohani."

Bi Zamzam akaweka kikombe chini. "Unaniletea mtu au unaniletea jini?"

Kwetu sisi watu wa Unguja, rohani ni shetani wa kumpanda mtu kichwani, mwenye kutaka marashi na udi. Mume wangu akacheka. "Mtu, mama. Anavaa miwani."

"Basi na aje. Jini havai miwani."

Akaja. Mfupi, mwepesi, ana begi kubwa kuliko yeye. Asubuhi akipanda basi la chuo, adhuhuri akirudi na kichwa kinamuuma. Tatizo lake lilikuwa moja: Kiarabu alichofundishwa vitabuni sicho alichokisikia Ibra. Akija kukaa jikoni kwangu akilalamika, "Mwalimu anasema hivi, muuza samaki anasema vile, na jirani anasema kitu cha tatu. Nimfuate nani?" Na mimi nilipohamia Oman nilichanganyikiwa vivyo hivyo, na mpaka leo yapo maneno nayakwepa.

Pilipili alikula na kila kitu, hata na embe. Jua la kwetu lilimshinda kwa ukavu wake. Alisema kwao joto lina maji ndani, la Ibra limekaushwa. Jumatano nilikuwa nikimchukua soko la wanawake, akanunue uzi na vitambaa, na mara nyingi muuzaji aliniuliza mimi bei ya kumpa yeye, halafu akauliza, "Khaddama wako huyu?" Yaani mtumishi wa nyumbani. Nilikuwa nikijibu, "Mwanafunzi, huyu," na Rohani akitazama vitambaa kama hakusikia. Alisikia. Kiarabu cha namna hiyo alikwisha kukijua.

Aliyemtoa upweke ni Bi Zamzam, na walipatana kwa ajabu. Siku moja Rohani aliona ndimu kubwa mezani, akaitaja kwa lugha ya kwao: limau. Bi Zamzam akashtuka. "Umesema nini?" Limau. Kisha ikawa mchezo. Sabuni kwao ni sabun. Meza ni meja. Bendera ni bendera, dunia ni dunia, habari ni khabar. Kila jioni Bi Zamzam akikaa kwenye mkeka na kikombe chake cha kahawa akinyoosha kidole: na hiki je? Akaamua kwamba lugha ya Rohani ni Kiswahili kilichopotea njia.

Yalikuwapo maneno mengine yaliyofanana yakawa mbali. Mimi aliniita "kakak", ndiyo kusema dada mkubwa, na watoto wangu wakaniimba uani, "Mama kaka! Mama kaka!" Dada, kwao, ni kifua. Pipi ni shavu. Tulicheka tu, mwanangu. Hakuna aliyefikiria zaidi ya kicheko.

Basi ilikuwa karibu na mitihani pale kaka yake Rohani alipopiga simu kusema baba yao kaanguka ghafla, yuko hospitali, hajitambui. Rohani aliganda na mkono wa simu sikioni. Akaomba ruhusa chuoni, akapewa. Mume wangu akaahidi kumpeleka Maskati uwanja wa ndege, na safari ikawa keshokutwa yake. Mitihani ikimpita, ingembidi aurudie mwaka mzima, lakini hakuwa akiyataja hayo. Alikuwa akitaka kumkuta baba yake hai, na alikuwa akilisema hilo kila akipita mlangoni: "Kakak, nitamkuta?" Nami nikimwambia inshallah.

Siku ya pili alikwenda chuoni kuchukua karatasi za ruhusa. Simu ikalia. Mimi nilikuwa uani naanika nguo. Bi Zamzam akaipokea. Nilimsikia akipiga kelele, "Nani? Nani? Aa, kaka wa Rohani! Rohani hayupo! Khabar? Bapa khabar?" Maana maneno hayo alikwisha kujifunza na alijivunia. Akasikiliza. Halafu nikasikia, "Alhamdulillah! Alhamdulillah, mwanangu!" Simu ikakatika, akatoka uani bila ya viatu.

"Baba yake Rohani yu salama!"

"Kasema?"

"Kasema kwa ulimi wake. Bapa selamat. Nimemsikia kwa masikio yangu mawili. Selamat, salama, si kitu hichohicho?"

Kitu hichohicho, nikasema. Wewe ungesema nini?

Rohani aliporudi, Bi Zamzam alimpokea mlangoni kwa vigelegele. Msichana alikaa chini palepale kizingitini akalia kwa furaha. Alikwenda kibanda cha simu karibu na kituo cha petroli kupiga kwao, simu ikaita tu bila ya kupokelewa, tukasema wote wapo hospitali wanamtazama mgonjwa wao. Begi likafunguliwa, nguo zikarudi kabatini. Safari ikaahirishwa mpaka baada ya mitihani. Na kwa kushukuru akapika wali wa nazi, nazi za Salala, na dagaa wa kukaanga na pilipili, sahani zikapelekwa kwa majirani. Bi Zamzam alikula akasema hajala wali kama ule tangu Unguja. Siku zile nyumba yetu ilikuwa na furaha, nakwambia kweli, na sijui leo niite furaha gani ile.

Ijumaa baada ya sala simu ililia tena. Rohani mwenyewe akaipokea. Ilikuwa sauti ya mama yake. Lugha yao siijui, lakini nilimwona akicheka, akauliza jambo, na ndani yake nikasikia "bapa". Akauliza tena. Kisha uso wake ukawa kama wa mtu aliyeitwa na watu wawili pande mbili, hajui ageukie wapi. Hakupiga ukelele. Aliweka simu taratibu, akanitazama, akasema kwa Kiarabu, neno moja moja, kama anasoma ubaoni:

"Mama anasema wamemzika tangu wiki iliyopita. Anasema kaka alikwambieni."

Alitueleza baadaye. Kwao, maiti akizikwa vizuri, bila ya dhiki wala kuchelewa, husemwa amezikwa "selamat". Kaka yake alisema baba yamekwisha mambo yake, amesitiriwa ardhini salama. Bi Zamzam alishika baba na salama. Yale ya katikati yalimpita. Naye kaka, aliposikia mtu mzima anasema alhamdulillah, alidhani ni mama wa imani anayepokea hukumu ya Mungu, akamjibu alhamdulillah vilevile. Kila mmoja akaweka simu chini ametulia. Na simu ya kwao ilikuwa haipokelewi kwa sababu mama alichukuliwa kijijini kwa ndugu zake.

Rohani alijifungia chumbani. Nilipompelekea chai nilimkuta amekaa kitandani anatazama viganja vyake.

"Kakak, nimeomba kila siku Mungu amzidishie nguvu za kutembea," akaniambia. "Naye yumo kaburini. Zile dua zimekwenda wapi?"

Niliiweka chai karibu naye.

Nilirudi kwa Bi Zamzam. Alikuwa amekaa mkekani, hakugusa kahawa. Nilimwonea huruma, nikamwambia, "Mama, tumwambie simu ilikuwa mbovu. Sauti haikusikika vizuri."

Aliinua uso, na hakuwahi kunitazama vile kabla wala baada. "Simu haikuwa mbovu. Ilisikika kama wewe unavyosikika hapa. Masikio yangu ndiyo yaliyokuwa na haraka ya kusikia jema. Mwenye kufiwa usimwongezee uongo juu yake."

Akasimama, akajifunga kanga, akaenda uani. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimsikia: "Mwanangu, mimi ndiye. Sikufahamu, na sikuuliza. Nisamehe." Rohani akasema kitu kidogo sana, sikukisikia. Usiniulize kama alimsamehe siku ile. Najua tu kwamba tangu hapo hakutaja tena neno la kwao mbele yetu. Akitaka ndimu, alisema ndimu.

Asubuhi yake Bi Zamzam alitandika mikeka sebuleni, akapika kahawa birika kubwa, akapanga tende, akamtuma mtoto kwa majirani: leo kwetu kuna azaa, kikao cha rambirambi. Wanawake wakaja na nyuso za msiba, kila mmoja akiuliza mlangoni, "Nani kafa? Mumeo?"

"Mume wangu kazini," nikasema. "Kafa baba yake Rohani."

"Rohani nani?"

Bi Shamsa, jirani wa ukuta mmoja, mwenyeji wa Ibra na mtu wa kupenda mambo yaende kwa utaratibu, alikaa akanywa funda moja. "Kafa lini?"

"Wiki iliyopita," akasema Bi Zamzam.

"Sasa azaa ya nini, dada? Siku tatu zishapita."

"Kwao zimepita. Kwa huyu zinaanza leo."

Bi Shamsa akajisogeza kwenye mkeka akampisha Rohani nafasi pembeni yake. Wote wakamwambia maneno ya rambirambi kwa Kiarabu, naye akijibu vizuri, bila ya chozi, kama yumo kwenye mtihani wa mdomo. Mama mmoja mzee, asiyesikia vizuri, akauliza marehemu ni wa watu gani, wa Jalan au wa Izki? Akaambiwa wa Malaysia. "Aa," akasema, kama aliyewahi kufika. Kisha akamshika Rohani goti. "Alikuwa mtu wa namna gani, huyo baba yako?"

Hilo hakuna aliyemuuliza, hata mimi. Rohani akaanza kwa Kiarabu cha vitabuni, kikamkatikia, akaingiza Kiswahili chetu. Akasema baba yake alikuwa akitengeneza mashine za kushonea, na mikono yake ilinuka mafuta hata siku ya Idi. Akasema alikuwa anaogopa paka. Hapo pa kuogopa paka Bi Shamsa akacheka, akaona haya, lakini Rohani naye akacheka, na ndani ya kicheko hicho kilio kikatoka, kilio chote. Bi Zamzam hakumsogelea. Bi Shamsa ndiye aliyemkumbatia. Kahawa ikapoa, hakuna aliyeijali.

Mitihani aliifanya, akafaulu, akaenda kwao, hakurudi. Siku ya kuondoka nilimuuliza lile lililokuwa likinisumbua: zile siku alizopika wali akafurahi, tulimwibia au tulimpa? Alifikiri. "Sijui, kakak," akasema. Na mimi sijui mpaka leo, wala Bi Zamzam, Mungu amrehemu, hakulijua.

Mwaka huu mume wangu amefariki. Mtoto wetu mdogo anasoma mbali, na watu walinishauri nimwambie baba yake anaumwa kidogo, arudi, atajua akifika. Niliishika simu nikamwambia: Baba yako amekufa. Nikamwambia: rudia ulichosikia. Akarudia, tukalia pamoja, kila mtu upande wake.

Basi hilo ndilo ninalokupa, mwanangu. Ukiwa ugenini, neno likifanana na la kwenu usilikimbilie. Muulize mwenye neno ana maana gani, hasa likiwa ndilo ulilokuwa unaomba kulisikia. Ukibeba habari ya mauti, itaje kwa jina lake, na hakikisha imefika. Ukikosea, nenda mwenyewe mlangoni useme ni mimi. Na mgeni akifiwa nyumbani kwako, usihesabu siku. Muulize alikuwa mtu wa namna gani.

Mungu akuweke popote utakapokuwa, akupe watu wa kukuuliza mara mbili, na habari za kwenu zikufikie kama zilivyo. Amin.