Kuzifundisha Kengele za Maziwa Kunyamaza

Nianze na aibu mwenyewe, maana nikiichelewesha kuna watu hapa Marani watakaoisimulia kwa chumvi zaidi: niliweka kengele kwenye simu inilie kila kituo cha maziwa kitakapokosa kutuma hesabu za asubuhi au kutuma zisizo za kawaida, nikasahau kwamba duniani kuna Jumamosi. Mimi, Msabato wa kuzaliwa, niliyebebwa kanisani kabla sijaota jino.

Kazi yangu ni hii. Ushirika wetu wa wafugaji una vituo kadhaa, hapa Marani, kule Nyakoe, hadi upande wa Nyamira. Asubuhi karani wa kituo hupima maziwa ya kila mtu na kuingiza kilo kwenye simu, na hesabu hizo huja moja kwa moja kwenye kompyuta yangu sebuleni. Mimi huangalia kama zinaingia akilini kabla gari halijapeleka maziwa kwa mnunuzi mjini Kisii. Zikiharibika, ama mkulima amepunjwa ama ushirika umeaibika. Kazi yote naifanya nikiwa na malapa miguuni na kikombe cha uji mkononi. Nilipomaliza kidato cha nne niliitazama dunia mpaka stendi ya Kisii, nikaona inatosha, nikarudi nyumbani.

Programu yetu ilipoongezewa uwezo wa kutuma arifa, nilifurahi kama mtoto aliyepewa filimbi, na kama mtoto huyo nikaipuliza bila mpango. Nilichagua mlio wa king'ora cha ambulensi, nisije nikaupuuza.

Sasa, Jumamosi kwetu maziwa hayaendi kituoni. Ng'ombe hukamuliwa, ndiyo, lakini watoto hunywa, jirani hugawiwa, na yanayobaki huachwa yagande. Kwa hiyo vituo vilinyamaza kama kawaida, na simu yangu, mfukoni mwa koti pale kanisani, ikauona ukimya huo kuwa ni janga. Ikalia katikati ya sala ya kimya. Nikaibana kwapani. Ikalia tena, safari hii ni Nyakoe. Nikaikalia. Ikalia ya kituo cha Nyamira, sauti ikitokea chini yangu.

"Kuna mgonjwa?" akauliza mzee wa kanisa, macho bado yamefumbwa.

"Hakuna mgonjwa," akajibu jirani yangu, mama mwenye ng'ombe mmoja na ulimi wa kutosha kata nzima. "Ni huyu wetu wa kompyuta. Endelea kuomba, mzee, na umtaje."

Mke wangu aligeukia dirishani kana kwamba mimi na yeye hatujawahi kujuana.

Nilipofika nyumbani nilizima arifa zote kwa hasira. Hilo likawa kosa la pili, na hili halikumchekesha mtu. Wiki iliyofuata karani wa Nyakoe alibonyeza sufuri moja zaidi, kilo nane za mkulima zikawa themanini. Ng'ombe wa kutoa kilo themanini hapa kwetu angekwisha kugombea ubunge. Kengele ingemnasa, lakini kengele nilikuwa nimeiua, na mimi nilikuwa napuliza uji. Gari likafika mjini na maziwa pungufu kuliko hesabu, mnunuzi akafoka, na meneja wa ushirika akanipigia.

"Ndugu yangu, wewe hukuiona hii?"

"Nilikuwa nimezima kengele."

"Kwa nini?"

"Zinalia sana."

"Basi sikiliza. Hesabu ikipotoka tena ukiwa hapo kwako, hiyo kazi naihamishia ofisini mjini. Utakuwa unakuja kila siku. Na tai uvae."

Nilikitazama kiti changu kama mtu anayeaga maiti. Kila siku mjini! Vumbi, makelele, watu wa kusalimia kuanzia Nyakoe mpaka ofisini. Mwingine angeona amepandishwa cheo. Mimi niliona kifungo.

Woga ukanifanya nifikiri, jambo ambalo king'ora hakikuweza. Niliona shida yangu: nilikuwa nimevipima vituo vyote kwa kamba moja. Marani huleta maziwa mengi, kituo cha Nyamira huleta ya kujaza mitungi michache tu, na programu ilikuwa imeambiwa kwamba kiasi fulani ndicho sawa kwa wote. Vidogo ikawa inavililia kila siku, na vikubwa vingeweza kupoteza nusu ya maziwa bila simu kukohoa.

Nikaanza upya, pole pole. Kila kituo nikakilinganisha na chenyewe: Jumanne ya Marani na Jumanne zilizopita za Marani. Jumamosi nikaifunga kabisa, nikatubu. Siku za soko nikazilegezea, kwa sababu siku hizo watu hupitisha maziwa kwenye hoteli za chai kabla karani hajayaona, na wanadhani hatujui. Makosa madogo, kama mtu kuandikwa mara mbili, nikayaamuru yasubiri yaje pamoja katika ujumbe mmoja baada ya upimaji kwisha. Kilo za kutisha kama zile themanini, simu ilie papo hapo, kwangu na kwa karani. King'ora nikakitoa, nikaweka mlio wa kawaida wenye adabu.

Amri ya mwisho ndiyo naionea fahari mpaka leo. Maziwa ya mkulima mmoja yakishuka, simu inyamaze na iandike tu. Pengine ng'ombe anaumwa, pengine wageni wamekuja. Lakini kituo kizima kikishuka pamoja asubuhi moja, ilie. Ng'ombe hawafanyi mkutano wakakubaliana kupunguza maziwa.

Siku kadhaa zikapita kwa amani, mpaka nikaanza kushuku kwamba nimeziua tena kengele. Halafu ikaja asubuhi baada ya mvua kubwa, nikiwa nachovya kiazi kwenye chai, simu ikalia. Marani. Wakulima wote wameshuka, wa kwanza mpaka wa mwisho, karibu kwa kiasi kile kile.

Kituo cha Marani ningeweza kukifikia kwa miguu kabla chai haijapoa. Nilipiga simu.

"Dada, mizani imekaa juu ya nini?" nikamuuliza karani.

"Juu ya nini tena? Imekaa chini."

"Chini wapi?"

Nyuma yake nilisikia watu wakipayuka. "Kuna matope, baba. Nimeiwekea gunia isilowe."

"Gunia tupu?"

"Lina nyasi ndani. Kwani?"

"Mizani imekaa kwenye godoro, dada! Itapimaje ikiwa inabonyea? Iweke kwenye sakafu, uwapime wote upya."

Sikukata simu. Nilisikia mizani ikiburutwa, mtungi ukitua, kisha karani akisoma kilo kwa sauti. Kwenye kompyuta hesabu zikaanza kubadilika, moja baada ya nyingine, zikipanda mpaka mahali pake. Payuka-payuka ikageuka kicheko.

"Asante, baba," karani akasema. "Walikuwa wameanza kuniita mwizi, na mama mkwe wangu yuko kwenye foleni."

Gari liliondoka na hesabu safi. Kabla ya adhuhuri meneja akapiga.

"Mnunuzi amepima, kila kitu sawa. Nasikia mizani ilikuwa imeharibika. Umejuaje?"

"Kengele imeniambia. Hulia kituo kizima kikishuka pamoja."

"Na ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Kwenye kiti."

"Basi kaa hapo hapo," akasema. "Na hiyo ya kushuka pamoja usije ukaizima."

Sijui kucheza, lakini nilicheza. Nilizunguka meza kwa malapa mpaka moja likaruka nje ya mlango, na nilipotoka kulifuata nikamkuta jirani yangu yule mama akirudi kutoka kituoni, alikokuwa amebaki kupiga soga, mtungi mtupu mkononi. Alikuwa kwenye foleni, alikuwa ameona yote, maziwa yake yamepimwa upya na kilo zake zimerudi. Nikasimama wima na lapa langu moja, kifua mbele, nikisubiri shukrani. Akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye mguu usio na kitu.

"Wewe ni kama ng'ombe wangu tu: umefungiwa ndani, unaletewa chakula, hutoki hata jua likiwaka. Lakini leo angalau umetoa maziwa."