Bei yangu "peke yangu", na wote tuliotumiwa

Wakuu, heshima kwenu. Hiki kisa sikukisikia kijiweni, kilinikuta mwenyewe. Shahidi ni Mama Zuhura, ambaye akisoma hapa atanuna.

Enzi hizo internet café zinaota Kariakoo kama uyoga, nilikuwa nauza vitenge Buguruni. Mzigo nachukua kwa Mzee Salim, Mwarabu mmoja mpole, karibu na Mtaa wa Kongo.

Mzee alikuwa na utaratibu wake. Bei haitaji kaunta ng'o. Anakushika mkono, anakupeleka nyuma ya marobota, anakunong'oneza. Nikitoka pale najiona kitinda mimba wake.

Siku moja mzee akataka kwenda na wakati. Akafundishwa email, akatuandikia wateja. Nikalipia café, nikafungua, nikasoma:

"Mwanangu, mzigo mpya umefika. Bei hii ni yako peke yako. Ukimwambia mtu umeniua."

Roho ikasuuzika. Halafu macho yakapanda juu kidogo.

Anwani zetu wote zilikuwa pale, zimejipanga. Mzee hakujua kuna BCC, ile sehemu inayoficha anwani za wenzako. Na katikati yupo Mama Zuhura, ambaye meza yake inatazamana na yangu. Miaka yote tunafichana bei kama wake wenza. Tena ana wajukuu, naye kaitwa "mwanangu".

Mmoja akabonyeza reply all, jibu likatufikia sote: "Mzee, kumbe tuko wengi?" Mwingine akaja na hasira. Wa tatu akashauri wote tuhamie duka la jirani. Nilimhurumia mzee, wakuu. Wateja wa maisha yake yote walikuwa wanamponyoka kwa mpigo.

Kesho yake tukajaa dukani bila kuitana. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya mgonjwa.

"Mzee Salim," Mama Zuhura akasema, "leo bei utaitaja hapa hapa, sote tusikie."

Mzee akatutazama. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya marobota.

"Ile niliwaandikia wao," akaninong'oneza. "Yako ni hii."

Akaishusha kidogo. Nikatoka nimebana midomo nisicheke. Akaingia Mama Zuhura, akatoka naye hataki kunitazama usoni. Wakaingia wengine, mmoja mmoja. Duka la jirani hakwenda mtu.

Funzo: ukiandikia watu wengi, anwani weka BCC. Ukishaharibu, tafuta marobota.

Nani mwingine humu email imewahi kumuumbua? Shusheni visa vyenu.

Na wewe Mama Zuhura, kama umo humu, tumeshazeeka sasa. Alikwambia ngapi?