Maji Niliyompikia Mwanangu

Mume wangu alipokuja kuniposa Mombasa hakucheka hata mara moja, na kwetu wakamsifu kwa utulivu wake. Siku ya tatu baada ya harusi shangazi yangu mmoja mwenye mdomo akamchekesha mpaka akasahau kujizuia, na hapo ndipo nilipoyaona meno yake. Yalikuwa ya kahawia, yenye mistari na vishimo, utadhani katafuna tumbaku tangu kuzaliwa. Wanawake waliokuwapo wakatazamana. Tulipobaki wawili nikamwuliza kwa ukali, maana mimi kuuliza kwa upole sikujaliwa, kama anakula tambuu kwa siri. Akafunika mdomo kwa kiganja, akasema, "Si tambuu, bibi. Ni kwetu Nakuru. Sote tuliozaliwa kule tuko hivi."

Maneno hayo nilipanda nayo gari la moshi, na njia nzima sikutulia. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na tayari nilikuwa nikimwonea uchungu mtoto ambaye hata mimba yake sikuwa nayo.

Nakuru tulikaa Bondeni, na mume wangu hakuwa amenidanganya. Aliyehamia akiwa mtu mzima alikuwa na meno yake ya kawaida. Aliyezaliwa hapo, akifungua mdomo tu, unamjua. Mavyaa, yaani mama wa mume wangu, hakuona aibu yoyote. "Hiki ndicho kipande chetu," aliniambia. "Askari akikusimamisha, mchekee tu, atajua wewe ni wa hapa." Siku zile mwanamume mweusi hakuthubutu kutoka nje bila kipande chake, kile kitambulisho cha serikali, kwa hiyo mzaha ule uliwachekesha watu sana. Mimi nilitabasamu kwa midomo.

Mwaka wa pili nikajifungua binti. Nilipompakata mara ya kwanza, kabla sijamtazama vizuri, nikaapa kwamba huyu hatakuwa na meno yale. Potelea mbali vingine vyote. Awe mfupi, awe mweusi kama mimi, awe na kichwa cha baba yake, lakini siku atakapocheka asijifunike.

Nikaanza kutafuta chanzo. Wengine walisema ni vumbi jeupe linalopeperuka kutoka ziwani wakati wa kiangazi. Wengine wakasema ni baridi, wengine wakasema ni wanawake wanaokula udongo wakiwa wajawazito. Nilipiga hesabu yangu mwenyewe nikiwa nimekaa na mtoto. Chakula cha pale ndicho kile kile cha Mombasa. Hewa haitafunwi. Kilichobaki ni maji.

Maji yetu yalitoka kwenye mfereji mmoja wa mtaa mzima, na yalisemekana kuvutwa kutoka visima virefu sana. Kwa macho usingeyashuku. Yalikuwa meupe, safi, hata unyasi haukuelea ndani yake, ila yalikuwa na uzito fulani ulimini ambao wenyeji walikuwa wamekwisha kuuzoea. Kila nilipoinamisha kata nilihisi nanywa kitu ambacho sikukialika.

Kisha yakazuka maradhi ya tumbo, watoto kadhaa wakaharisha mpaka wakalazwa, na mtu wa afya akapita mitaani na kengele akitangaza, "Chemsheni maji ya kunywa." Nilisimama mlangoni na mtoto mikononi, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikasema, haya, dawa ndiyo hii. Kumbe watu hawa wote wana meno mabovu kwa uvivu wa kuwasha moto.

Na moto nilikuwa nao tayari, maana sikuwa nimemaliza arobaini yangu. Kwetu, mzazi akiwa ndani ya arobaini, birika lake la maji halitoki kwenye jiko la makaa usiku na mchana. Maji hayo hayamwagwi, huongezwa. Yakipungua unatia mengine juu yake, na yanatokota hivyo hivyo mpaka siku arobaini zitimie, ndipo wanawake wanakuja kuliepua birika kwa vigelegele. Siku yangu ilipofika wakaja. Nikawazuia. Mavyaa alidhani natania. "Mwanangu, arobaini imekwisha," akasema. Nikamjibu, "Imekwisha kwangu, mama. Kwa mtoto bado."

Haikwisha kwa miaka saba. Asubuhi nilijaza birika, mchana limebaki nusu, nikajaza tena, alasiri nusu, nikajaza tena. Niliamini kwamba kama kuchemsha kidogo kunaua uchafu kidogo, kuchemsha sana kutaumaliza wote. Kiini cha maji ndicho nilichokuwa nikimnywesha mwanangu, kilichopoa ndani ya mtungi na kufunikwa kitambaa nilichokifua mwenyewe. Ndani ya birika ukaota ukoko mweupe. Kila Ijumaa niliukwangua kwa kisu na kuupeleka kwa mavyaa auone. "Haya yote yangekuwa ndani ya mwili wa mjukuu wako," nilimwambia. Aliutazama, akanitazama mimi, akarudi kusuka ukili wa mkeka wake.

Sikuwa na raha hata kidogo, wala sitasema uongo. Harusini nilikuwa wa kwanza kuondoka, kwa sababu makaa yangezimika. Matangani nilikaa ukingoni mwa mkeka na viatu karibu. Nikienda sokoni nilirudi mbio mbio, nanyanyua kifuniko, nalitazama birika kana kwamba linaweza kutoroka. Mtoto akienda kucheza kwa watu nilimfuata na chupa yake. Akipewa maji ya mfereji nilimpokonya kikombe mbele ya mwenye nyumba. Mtaani wakaniita Mama Birika. Nikawaacha waite.

Aliyeniudhi kuliko wote ni jirani yangu, mama mmoja Mgikuyu aliyetoka upande wa Subukia. Paa letu lilikuwa la madebe yaliyopondwa, lote kutu, lakini lake lilikuwa la mabati mazuri na chini yake aliweka pipa. Maji ya mvua ndiyo aliyokunywa, na mwanawe, rika la binti yangu, alichota pipani kwa kibuyu bila kumwuliza mtu. Ndani ya pipa mlikuwa na majani, na mara nyingine unyoya. Siku moja nikashindwa kujizuia. Nikamwambia pale uani, "Mama, unamlea mtoto kwa maji ya popo na kunguru?" Hakukasirika. Alisema, "Ya Mungu yanashuka yenyewe, mama. Sisi tumeyanywa tangu zamani." Mwanawe aliharisha mara mbili tatu, na kila mara niliwapelekea uji, na Mungu anisamehe, nilikuwa nikienda na uji ule nikiwa nimenyanyua kichwa.

Binti yangu aliota meno ya utoto, yote meupe. Nilizunguka naye mtaa mzima. "Cheka, mama, wakuone," nilimwambia, naye akacheka. Mavyaa peke yake ndiye hakushangilia. Alisema hayo ni ya kuazima, mwanangu, yenyewe bado hayajaja. Sikumsikiliza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi langu lilikuwa njiani.

Alipokaribia miaka saba likang'oka la kwanza, halafu la pili. Kila asubuhi nilimwinamisha kichwa kwenye mwanga wa dirisha nikamtazama. Siku lilipochomoza jipya niliona ncha yake si nyeupe. Nikajiambia ni chai. Nikakataza chai. Likazidi kutoka, na kadiri lilivyotoka ndivyo lilivyokuwa la kahawia, na vishimo juu yake. Nikatwanga mkaa na chumvi nikamsugua. Nilimsugua mpaka ufizi ukatoa damu, analia, nami nalia, na sikuacha. Hiyo ndiyo siku ninayoionea haya kuliko zote maishani mwangu. Mume wangu aliporudi kazini akamtazama mdomoni, kisha akasema taratibu kwamba ya mtoto ni mabaya kuliko yake. Mcheka kilema hafi bila kumfika.

Wiki hizo hizo mtoto wa jirani akaja kuomba moto, akacheka. Meno yake mapya yalikuwa kama punje za mahindi machanga. Nilimpa kaa la moto kutoka chini ya birika langu.

Nikamshika binti yangu mkono mpaka zahanati. Dresa wa pale, yaani msaidizi wa daktari, alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyetumwa huko na huko katika Bonde la Ufa lote na kuona midomo mingi. Alimtazama mtoto, akaniuliza anakunywa maji gani. Nikamweleza yote: makaa mazuri, birika, kuongeza juu kwa juu, miaka saba. Nilieleza kwa fahari, nikingoja anisifu halafu aniambie ugonjwa umetoka wapi. Yeye akafuta mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu.

"Mama," akasema, "moto unaua kilicho hai. Vijidudu vya tumbo vitakufa, na hapo ulifanya vizuri. Lakini maji ya visima hivi yana chumvi fulani ya ardhini, na ndiyo inayoharibu meno ya mtoto yakiwa bado ndani ya ufizi. Hiyo haina uhai. Moto utaiua vipi? Maji yanakwenda na mvuke, yenyewe inabaki. Ukiongeza maji, umeongeza na chumvi."

Hakuhitaji kuendelea. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akipika chumvi pwani. Maji ya bahari ndani ya chungu, moto, ongeza, moto, ongeza, mpaka chungu kibaki na chumvi tupu. Nimemsaidia kuongeza maji hayo tangu mikono yangu ikiweza kubeba kata. Katika Bondeni nzima hapakuwa na mwanamke aliyelijua jambo lile kuliko mimi, na ni mimi niliyekaa miaka saba nikimpikia mwanangu chumvi na kumnywesha.

Nikamwuliza kama yangekuwa meupe lau nisingechemsha. Alisema pengine yangekuwa kama ya baba yake, hana hakika. Alijaribu kunipunguzia uchungu, namshukuru. Nilipofika nyumbani nilitaka mtu wa kumkasirikia. Nikamkasirikia mtu wa kengele, nikamkasirikia aliyechimba visima, nikamkasirikia mume wangu kwa kuzaliwa mahali pale. Mavyaa akanifariji kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia yangu hayakumwagika, mama, niliyanywesha.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya pili, ya miezi saba. Nikachukua debe nikaenda kwa jirani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila tusi. Akatazama debe, akaniuliza, "Leo unataka ya popo na kunguru?" Nikasema ndiyo, nayataka. Akaninyang'anya debe kwa sababu ya tumbo langu, akalijaza mwenyewe na kunibebea mpaka mlangoni.

Huyo wa pili, naye binti, alilelewa kwa maji ya bati. Niliyachuja kwa kitambaa, nikayachemsha mara moja tu kama dresa alivyoniagiza, nikaepua. Sikumfuata na chupa. Pipa likikauka wakati wa kiangazi mume wangu alituletea madebe kutoka Molo, kwani kazi yake ya reli ilimpitisha huko. Kwa huyu nilikaa harusini mpaka mwisho. Meno yake yakatoka meupe yote.

Miaka ikapita, sikumweleza yule mkubwa chochote. Nilijiambia ni mdogo, baadaye nikajiambia ameshazoea. Alipoposwa, siku chache kabla ya harusi, nilikaa kibarazani nikimsuka nywele, na mdogo wake alikuwa mbele yetu akituigizia jinsi bwana harusi anavyotembea, huku akicheka mdomo wazi. Mkubwa alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza bila kugeuka, "Mama, mbona mimi hukunitunza kama huyu?"

Mikono ikanisimama kichwani mwake. Nikamwambia yote, tangu arobaini mpaka zahanati. Nikamwambia kwamba yeye ndiye niliyemkeshea, yeye ndiye niliyemkimbilia kutoka harusi za watu, na kwamba huyu mdogo sikumhangaikia hata nusu. Alisikiliza mpaka mwisho. Mdogo wake alikuwa ameacha kuigiza.

"Basi heri ungenipuuza kidogo, mama," akasema. Hakusema kwa hasira. Nikaendelea kumsuka, kwa maana kichwa kilikuwa nusu.