Spiral, Helix na Ngazi ya Mama

Kiangazi kizima mume wangu na mdogo wake waligombania neno la Kiingereza, na kiangazi hicho hicho mama yangu alikaa Mbozi na mizigo yake imefungwa, akisubiri ngazi. Nikikumbuka, hadi leo naona hasira.

Tulikuwa tumejenga ghorofa hapa Tunduma, moja tu, la kujikongoja. Chini ni stoo ya mchele ambao mume wangu huununua Kamsamba, pamoja na fremu za kupangisha. Sisi wenyewe tunakaa juu. Wakati huo tulipanda kwa ngazi ya miti waliyoiacha mafundi, na mimi nilishaizoea, napanda na ndoo ya maji kichwani huku naongea na simu. Lakini mama wa watu huwezi kumpandisha kwenye miti. Baba alishafariki, ndugu zangu wote wametawanyika, na yeye alibaki peke yake na mibuni yake. Nilitaka aje akae kwangu. Bila ngazi ya maana, mama haji. Habari yenyewe ndiyo hiyo, wala haikuwa ngumu.

Mume wangu akamwita fundi wa kuchomelea, akamwambia anataka ngazi ya kuzunguka, aina ya spiral. Shemeji yangu alikuwepo, anakunywa chai. Huyu anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani, na shule alisoma upande wa Zambia, kwa hiyo Kiingereza anakiona kama shamba la baba yake. Akaweka kikombe chini.

"Kaka, spiral haipandi."

"Haipandi kivipi?"

Akachukua dawa ya mbu dirishani, ile ya kijani iliyoviringwa. "Hii ndiyo spiral. Inazunguka, inapanuka, lakini imelala pale pale. Ukijenga spiral utazunguka stoo mpaka Yesu arudi, juu hufiki." Akashuka hadi kwenye pikipiki yake, akagonga spring ya shokapu. "Hii ndiyo helix. Inazunguka huku inapanda. Wewe unataka helix."

"Dunia nzima inasema spiral!"

"Basi dunia nzima inakosea."

Fundi alisimama pale na futi yake mkononi, mwisho akaaga akaenda kula. Ndivyo kazi ilivyosimama. Ubishi ulikwenda sokoni, ukaenda kanisani, mchungaji akaulizwa baada ya ibada, akasema jambo hilo ataliombea. Mama akipiga simu kuuliza ngazi imefikia wapi, nitamjibu nini? Nimwambie bado wanatafuta jina lake? Siku moja nilichoka, nikawatengea mezani dawa ya mbu kwenye sahani moja na spring chakavu kwenye nyingine, nikawaambia karibuni chakula. Mume wangu akasema sina adabu. Shemeji akasema angalau nimezitenganisha vizuri.

Halafu shemeji akaperuzi kwenye simu, akaja na mapya. Kumbe hata wajenzi wa ngazi wanatofautisha. Ile wanayoiita spiral inajinyonga kwenye nguzo moja katikati, nyembamba. Ile ya helix haina nguzo, katikati imeachwa wazi, pana. Alidhani amemaliza ubishi. Mume wangu akamwita fundi jioni ile ile.

"Niwekee yenye nguzo," akasema. "Ili iwe spiral kihalali."

Jamani! Mtu anachagua ngazi ya nyumba yake ili amshinde mdogo wake! Lakini nilimwacha, kwa sababu angalau sasa mama angekuja.

Na kweli alikuja, na kuku wawili na gunia la maharage. Sisi kwetu mama na mkwe wake wanaheshimiana sana, hawaangaliani usoni wala hawaongei moja kwa moja, hata wakiwa wamesimama mahali pamoja. Mama akaizunguka ile ngazi, akaishika nguzo, akatazama juu.

"Mwambie mume wako ngazi ni nzuri," akaniambia.

"Mwambie mama nashukuru," akasema mume wangu, hatua mbili kutoka kwake, anatazama ukuta.

"Mwambie, ila jeneza litapita wapi?"

"Jeneza la nani, mama?"

"La kwangu. La nani tena?"

Shemeji uso ulimng'aa kabisa. "Nilisema! Helix ingepitisha!"

"Hata kwenye spiral linapita!" mume wangu akafoka.

"Halipiti!"

"Twende tukapime!"

Ng'ambo ya barabara kuna seremala wa majeneza, jirani yetu mwema, naye akawaazima moja la watu wazima kwa sharti wasilikwaruze. Nikawaona kwa macho yangu mwenyewe ndugu wawili wanavusha jeneza tupu barabara kuu mchana kweupe. Malori yakasimama. Madereva wakavua kofia. Mmoja wa Zambia akanitolea kichwa dirishani, akasema, "Pepani, bamayo," yaani pole mama kwa lugha ya kwao, na mimi nikamjibu asante. Ningefanyaje?

Kufika kona ya kwanza ya ngazi, jeneza likakwama. Mume wangu yuko juu, shemeji yuko chini, nguzo iko katikati, na hakuna anayeweza kwenda mbele wala nyuma.

"Lisimamishe!"

"Ukilisimamisha, maiti anasimama!"

"Maiti gani, wewe? Humu hamna mtu!"

Wakati huo kina mama wa jumuiya walishafika, kanga zimefungwa viunoni, mmoja na kuni, mwingine na unga. Nikawaambia hakuna msiba. Wakatazama jeneza, wakanitazama mimi, wakaona nimechanganyikiwa kwa uchungu, wakanikalisha chini. Mmoja akaanza kulia kwa sauti. Mama akatoka jiko la uani kuwasalimia wageni. Aliyekuja na unga akamshika mkono, akamuuliza kwa upole nani amefariki.

"Mimi," mama akasema. "Ila bado."

Hapo nikalipuka. Nilisimama mbele ya wale wanawake wote nikamfokea mama yangu mzazi, kitu ambacho sijawahi kufanya maishani. "Mama! Nimekuita uje kuishi! Nimelilia ngazi hii kiangazi kizima ili uishi na mimi, upumzike, uone wajukuu! Wewe hata kikombe cha maji hujanywa, unapima jeneza! Kama hutaki kukaa kwangu si useme?"

Akaniangalia kwa mshangao kweli kweli, kama nimemjibu swali ambalo hakuuliza.

"Wewe mtoto," akasema. "Anayekuja kutembea anauliza basi la kurudi. Mimi nimeuliza jeneza."

Yule mama aliyekuwa analia akanyamaza. Nami nilikaa chini tena nikalia, sasa kweli, na aliyekuja na unga akanipigapiga mgongoni bila kujua ananipa pole ya nini.

Walipofanikiwa kulichomoa lile jeneza na kulirudisha kwa mwenyewe, fundi wa kuchomelea alikuwa ameshaitwa. Mume wangu akamwambia aikate ngazi yote, nguzo na kila kitu. Shemeji akafungua mdomo, akamwangalia kaka yake, akaufunga.

"Nikuwekee aina gani sasa?" fundi akauliza.

"Jina sijui," mume wangu akasema.

"Basi nipe upana."

Mume wangu akatazama pale mama alipokuwa amekaa na wale wanawake, anawachambulia maharage ya kupika, maana walishakuja na lazima wale.

"Wapite watu wanne," akasema, "wamembeba mama."