Usimuulize Ni Mtoto wa Nani

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na kwa kuwa Jumamosi hii unaanza kujitolea pale pale nilipoanzia mimi, keti nikusimulie kabla hujavaa koti. Ilikuwa Woolwich, huku huku London, ghorofani juu ya duka la vitenge, makelele ya soko yakipanda mpaka dirishani. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani mwao, na nilijiona hodari wa kuzungumza na kila binadamu.

Nilifikaje pale? Jirani yetu wa Ilford, kijana mpole, alipigwa kwenye kituo cha basi kwa sababu alikuwa ameshikana mkono na mpenzi wake, mwanamume mwenzake. Nilimfuta damu kwa mtandio wangu, kisha nikabaki namtazama, sijui nimpeleke wapi. Iliniuma sana kutojua. Nikaulizia mpaka nikawapata watu wanaowasaidia waliopigwa kwa chuki ya namna hiyo, barabarani au nyumbani kwao, kwa kumpenda mtu wa jinsia yao. Aliyetuongoza alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mama wa kanisani, aliyekuwa akisafisha maofisi alfajiri kisha anakuja kwetu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na neno hakulirudia.

Siku hiyo akaingia msichana, mdomo umevimba, mtandio ameuvuta mpaka kwenye nyusi. Alipotoa salamu tu nikajua ni Mpemba. Nilifurahi kama niliyeletewa ndugu. Nikamkalisha, nikamshika mkono, nikafanya tunavyofanya sote tukikutana ugenini: "Wewe mtoto wa nani, mdogo wangu? Kwenu Wete au Chake?" Unatujua, mwanangu. Kwetu swali hilo ni mapenzi, na mgeni asipoulizwa ukoo huona kadharauliwa.

Yule akainuka. "Samahani dada, nimekosea mlango," akasema, na tayari alikuwa anaelekea kwenye ngazi.

Mama Furaha hakumkimbilia. Aliinua birika tu. "Utakunywa chai na maziwa ao bila maziwa?"

Msichana akasimama. Nadhani ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kumuuliza anataka nini. "Na maziwa," akasema, akarudi kwenye kiti.

Alipoanza kunywa, Mama Furaha akanivuta pembeni. "Mutoto anakimbia kwao, na wewe unamuuliza kwao ni wapi? Ukimujua baba yake leo, kesho mama yako atamujua." Nilitaka kubisha. Nikamkumbuka mama yangu na simu yake isiyopoa kwa habari za watu.

Nikarudi kwa mgeni. "Sina haja ya kujua wewe ni wa nani," nikamwambia. "Niambie tu nikuiteje."

"Niite Asha," akasema, na sote wawili tulijua si jina lake.

Chai ya pili ndiyo iliyomfungua. Kaka yake alikuwa amemkuta na rafiki yake wa kike, akaelewa, akampiga, akamfungia chumbani. Pasipoti yake walikuwa nayo, na tiketi ya kumrudisha akaozwe ilikwisha kukatwa. Alitoroka wanaume walipokwenda sala ya Ijumaa. Wakimwona tu, anapandishwa ndege. Nililia mbele yake, jambo ambalo wewe jaribu kulizuia kidogo.

Tukampatia pa kulala, mbali, na mwanasheria. Juma lile lile tulikuwa na harusi Ilford. Shangazi yangu, ambaye habari ikimpita anaumwa, akaja na sahani yake ya pilau akakaa ubavuni pangu. Kuna binti katoroka, akasema, akamtaja baba yake na babu yake na kitongoji chao. "Weye unakaa na watu wenye matatizo huko Woolwich. Hujamwona?"

Nilihisi ni yeye, lakini kuhisi si kujua. "Simjui binti wa mtu huyo, shangazi," nikajibu, na haukuwa uwongo. Majina yale sikuwahi kuyasikia hata moja. Alinitazama usoni, hakuona kitu, akahamia meza nyingine. Mimi sijui kuficha, mwanangu, uso wangu ungemwambia kila kitu. Hapo ndipo nilipomwelewa Mama Furaha, na pilau ile niliila kwa raha.

Mahakamani alitafsiriwa na mtu mwingine, ili mimi nisiyasikie majina ya kwao. Nilikaa nje nimeshika mkoba wa Asha. Alipotoka alikuwa amefunua uso wote, amri mkononi: kaka yake asimkaribie, na pasipoti irudi. Tulinunua chipsi, tukala tumesimama pale pale kwenye ngazi za mahakama, siki ikituchuruzika vidoleni, tukicheka ovyo.

Ile ilikuwa zamani. Mwaka jana tulifanya sherehe ya kuwapokea wanaojitolea wapya, ghorofani pale pale. Mama Furaha aliletwa na fimbo yake. Anayeongoza sasa akasimama kuwakaribisha, mwanamke mnene mwenye kujiamini, mke wake amekaa mstari wa mbele. Hakuna aliyemuuliza. Akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti iliyofika sokoni, akamalizia, "Na kwetu ni Wete." Miaka yote ile nilikuwa namwita Asha. Mama Furaha akapiga kigelegele mpaka akaishiwa pumzi, na mimi nikamfuata.

Basi mwanangu, huyo ndiye atakayekufungulia mlango Jumamosi. Atakayekuja akiwa ameumizwa, mpe kiti na chai, umuulize anataka nini, na umngoje. Ukoo wake muachie mwenyewe. Wako watakaoulaani daima, wako watakaourudia kwa fahari, na hilo ni lao kuamua, si lako wala langu. Ukikutana na shangazi yangu, wewe kula pilau yake tu.

Nenda, Mungu akulinde na akupe subira. Na akujaalie umri wa kusikia jina ambalo hukuliuliza, likitamkwa na mwenyewe, kwa sauti kubwa, mbele za watu.