Karavani Iliyoketi Kabla ya Amina

Ilianza Ijumaa, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Najua kwa sababu niliangalia simu nikajiambia, "Aa, muda bado ni mwingi," na sijui nani aliyenidanganya kwamba mtu mwenye muda mwingi lazima autumie. Nasema mapema, kwa yeyote atakayeshika daftari hili (kama ni wewe Mama, tafadhali lirudishe chini ya mto na tusiongee): nimeaibika, tena si aibu ndogo ya kujikwaa mbele ya darasa, nimeaibika mbele ya watu ambao hata kuwasalimia huwa nazungukia nyuma ya nyumba, na nimeaibika nikiwa juu, hewani, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kujifanya hakukuona.

Baba ni dereva wa mzee mmoja wa hapa Qatar, tunamwita Abu Hamad. Kila majira ya baridi familia yake hupiga kambi jangwani, si mbali sana na kwetu Al Wukair, kambi ya maana, si ya mchezo: mahema makubwa, majlis (baraza la kupokelea wageni) ya wanaume, majlis ya wanawake, jenereta, tangi la maji, hema la jikoni. Na pembeni kabisa, kama jamaa asiyealikwa, kulikuwa na karavani ndogo ya magurudumu mawili, nyumba ya bati ya kukokotwa na gari. Ilinunuliwa kwa ajili ya mama yake Abu Hamad, lakini bibi akaingia mara moja, akatoka, akasema yeye hawezi kulala ndani ya kopo. Ikabaki hapo ikila vumbi, mpaka mwaka huu Abu Hamad akamwambia Baba: "Itengeneze. Ikipendeza, Ijumaa zote za baridi ni yako na familia yako. Isipopendeza, inaenda skrepu, kwenye vyuma chakavu." Na hiyo Ijumaa ndiyo aliyosema angekuja kuiangalia.

Mtu anaweza kusema, karavani tu, ya nini kuhangaika? Huyo hajakaa kwetu. Mama ni nesi, akitoka zamu ya usiku nyumba nzima tunatembea kwa vidole vya miguu, televisheni inaongea bila sauti, mimi nalala kochini sebuleni na kusoma nasomea bafuni. Kule jangwani Mama hucheka. Sizidishi chumvi, nilikuwa nimesahau kwamba Mama akicheka hupiga mapaja, mpaka tulipoanza kwenda kule. Ndiyo maana niliitaka ile karavani kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, hata simu.

Basi tulikuwa tumeitengeneza kwelikweli. Baba aliziba paa kwa silikoni, akabadilisha mbao za sakafu zilizooza, akaupaka mlango mafuta ukaacha kulia kama paka. Mama akashona mapazia ya leso, halafu akaleta vitambaa vyake vya kufuma, na wewe unajua mama wa Kikenya na vitambaa: kwenye viti kitambaa, kwenye meza kitambaa, juu ya jiko la gesi kitambaa, hata ule mtungi mwekundu wa kuzimia moto aliuvalisha. (Baba alisema akikaa kimya sana naye atafunikwa.) Kazi yangu ilikuwa kuosha nje.

Nikaosha. Nikamaliza. Nikaangalia saa, ndiyo ile saa nne na dakika ishirini. Baba alikuwa ameenda kumpeleka Abu Hamad kwenye sala ya Ijumaa, angerudi naye baadaye. Mama alikuwa hema la jikoni anakaanga mandazi, kwa sababu alikuwa amealika kikundi chake cha maombi (nitafika huko). Na mimi nikaiona miguu.

Nieleze miguu ni nini. Karavani ikishafunguliwa kutoka kwenye gari, inasimama kwa magurudumu yake mawili ya katikati, na mbele kuna kagurudumu kadogo kanakoshikilia ule mkono mrefu wa chuma unaofungwa kwenye gari. Sasa ili isicheze, kila kona ina mguu wa chuma, unauteremsha kwa kuzungusha mpini mpaka ukanyage ubao uliowekwa mchangani. Miguu ya nyuma ilikuwa imejaa kutu, mbaya, inaaibisha kazi yote ya Baba. Na kulikuwa na rangi ya fedha iliyobaki kwenye kopo. Nikawaza, nikiipandisha juu hii miwili, nitaipaka vizuri hadi chini, ikauke, niishushe, Abu Hamad akija akute inang'aa. Sikumwambia mtu. Mimi si mtu wa kuambia watu vitu.

Nikaipandisha, nikaipaka. Ilipendeza mno, nikasogea nyuma kuitazama kama fundi mkubwa.

Hapo ndipo niliposikia vicheko. Kikundi cha maombi kilikuwa kimewahi. Gari lao liliogopa mchanga likawateremsha barabarani, wakaja kwa miguu, akina mama watano waliovaa nguo za kanisani, viatu mkononi, mbele yao Mama Baraka, kiongozi wao, ambaye sauti yake haihitaji spika. Nami nilikuwa na rangi ya fedha mikononi, kwenye paji la uso, na kwenye kaptura ya Baba niliyovaa. Nikafanya ninachofanya siku zote wageni wakija: nikajificha. Nilichuchumaa nyuma ya tangi la maji.

"Huyu msichana wako yuko wapi?" nilimsikia Mama Baraka. "Kila nikija nasikia ana masomo. Huyu atakuwa profesa au ananikimbia?"

"Yupo tu, anaosha," Mama akasema. "Mwikali! We Mwikali! Njoo usalimie mashangazi zako!"

Nikazidi kujikunja. (Mungu anisamehe, nilijua ananiita mara tatu kabla ya kukasirika, na nilikuwa bado na mbili.)

Sasa, kwetu kitu kipya hakitumiki kabla hakijaombewa. Nyumba huombewa, gari huombewa, friji ya Mama Baraka iliombewa na watu kumi na moja na baadaye wakala keki. Kwa hiyo walikuja kuiombea karavani, kwamba Abu Hamad aipende, na wakaingia wote, na Mama na birika kubwa la chai na sinia la mandazi. Ndipo nikakumbuka miguu ya nyuma bado iko juu: watu wakijaa upande huo, karavani itabinuka kama pembea. Nikasikia wimbo, kisha maombi yakaanza, na nikatulia kidogo kwa sababu mlango uko upande wa mbele na wao walikuwa wamesimama hapo hapo mlangoni.

Kisha Mama Baraka akasema, "Tuombe kona kwa kona."

Kona mbili ziko nyuma. Wakaombea kona ya kwanza ya mbele. Wakaombea ya pili. Nikatoka nyuma ya tangi, nikakimbia na mpini mkononi kwenda kushusha miguu, nikaona rangi bado mbichi na, nisiseme uongo, hata hapo nilisita kwa ajili ya rangi. Nilipoinama karavani ikalia krii na kushuka kidogo juu ya kichwa changu. Nikarudi nyuma mbio. Kuingia chini yake sasa ni kujitafutia matanga.

Mtu mwenye akili angepiga kelele. Angesema, "Akina mama, tokeni!" Maneno matatu. Lakini walikuwa wanaomba, wamefumba macho, na mimi kukatiza maombi ya watu wazima, na nguo hii, na uso huu wa fedha? Nilifika dirisha la mbele nikasema, "Mama," kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Basi nikaamua la pili, ambalo ndilo la aibu. Niliwaza, nyuma kukiwa kuzito, mbele nako kuwe kuzito. Nikaenda nikaukalia ule mkono wa chuma wa mbele, nikaukumbatia kwa miguu na mikono. Mimi. Ambaye Baba hunisukumia sahani ya pili kila siku akisema upepo wa jangwani utaniiba.

"Na kona hii ya nyuma, Baba!" Mama Baraka alikuwa amepamba moto. "Tunaikanyagaa!" Na wakaikanyaga, wote sita, kwa pamoja.

Sijui nielezeje. Sikuanguka, nilipaa. Taratibu, kwa heshima, kama mtu anayepandishwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Kagurudumu kakaachana na mchanga, mkono ukainuka na mimi juu yake, na nyuma karavani ikaketi mchangani, puu! Ndani kukawa na kelele za vyombo, na mtu akamalizia "Amina!" kwa sauti ya juu sana, nadhani kwa mazoea tu.

Na ni hapo, nikiwa nimening'inia, kaptura ya Baba ikitaka kunikimbia, ndipo gari kubwa jeupe lilipotokea juu ya kilima cha mchanga. Sala ilikuwa imekwisha mapema. Baba kwenye usukani. Abu Hamad pembeni yake, kanzu nyeupe pe, mdomo wazi.

Wakashuka. Abu Hamad akatembea hadi chini yangu, akainua uso.

"Shinu hada?" akauliza. Hiki ni nini?

"Salaam aleikum," nikasema.

"Mwikali!" Baba akapiga ukelele. "Umefuata nini huko juu? Shuka!"

Lakini mimi nilikuwa uso kwa uso na dirisha la mbele, na niliona kile wasichokiona. Akina mama walikuwa wamerundikana kwenye kiti cha nyuma, vitambaa vimewamwagikia kama theluji, chai inatiririka, Mama Baraka chini kabisa ameshikilia sinia na mandazi hayajaanguka hata moja. Na wawili wa juu walikuwa wameanza kupanda kuelekea mlangoni, wanasukumana. Na Baba na Abu Hamad wamesimama chini ya mkono wa chuma! Wale wakitoka mbio, mbele kungeshuka kwa kishindo juu ya vichwa vyao, na mimi kama pambo.

Nikapiga kelele. Sijawahi. Nilipiga kioo kwa kiganja nikapayuka, "Hakuna kutoka! Auntie wa kijani, kaa chini! Baba, ondokeni hapo chini, shikeni kwa pembeni! Mama, wewe tambaa, wengine wamfuate, polepole, POLEPOLE nimesema! Mama Baraka wa mwisho!"

Kisha nikamsikia Mama Baraka kutoka chini ya watu: "Kumbe ana sauti huyu! Tii, akina mama, tii, tumepata mchungaji."

Wakatii. Watu wazima, nguo za kanisani, wakatambaa mmoja mmoja, na kila alipofika mmoja mbele mimi nikashuka kidogo, Baba upande mmoja na Abu Hamad upande mwingine wakiuzuia mkono usishuke vibaya, mpaka kagurudumu kakagusa mchanga. Nikabanduka. Alama zangu za rangi zimebaki pale hadi leo.

Hakuna aliyeumia, ila heshima yangu. Taa moja ya nyuma ilikuwa imevunjika, na bati la chini limebonyea. Abu Hamad akazunguka, akainama, akaona miguu miwili iko juu, ya fedha, imejaa mchanga kama samaki aliyepakwa unga.

"Nani amepandisha?"

Baba akavuta pumzi. Nilijua anataka kusema ni yeye, nikamwahi. "Mimi. Nilitaka iwe mizuri."

Abu Hamad akanitazama, kichwani hadi champali. Mdomo ukamcheza lakini akauzuia. Akasema karavani ni ya mama yake, si yake, kwa hiyo kama inabaki au inaenda skrepu ataamua mama yake, na asubuhi nije nimweleze mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Kisha akaenda nyuma ya gari, na bega lake likawa linatikisika, lakini hilo halikunisaidia kulala. Ningeambiwa nioshe mahema yote kwa mswaki ningekubali haraka zaidi.

Nimeapa: sitapandisha mguu wa kitu chochote, hata stuli, bila kutangaza kwanza. Na tangazo litakuwa la sauti.

Jumamosi asubuhi nikaingia majlis ya wanawake, nimevaa dera la Mama, fedha bado iko kwenye nyusi. Bibi alikuwa amekaa kwenye godoro, mdogo, macho makali juu ya barakoa yake ya jadi, ile ya bibi wa huku. Akanimiminia kahawa. Nikaanza, Kiarabu changu cha shuleni kikichechemea, Kiswahili kikichomoka katikati, na nilipokosa maneno nikatumia vikombe: hiki Mama Baraka, hiki kona. Nilipofika "Tunaikanyaga" bibi akaweka mkono kifuani. Nilipofika "Amina" alikuwa anacheka hadi machozi, anamgonga begani binti yake aliyekaa kando.

"Iacheni," alisema alipopata pumzi. "Hilo kopo libaki. Na wale wanawake waje tena, nataka kuwaona."

Kisha akaninyooshea kidole, akauliza nilikuwa nimening'inia vipi hasa, kwa sababu mwanawe alimsimulia lakini mwanawe hajui kusimulia. Nikatazama mlango. Nikainuka, nikauchukua mto mrefu kuliko yote mle ndani, nikaukumbatia kwa miguu na mikono, na nikamwonyesha.